Tablo Uliyoiacha Mbichi

Muzee,

Nimeigusa. Kasirika kama unataka, nipe mgongo huko uliko kama ulivyokuwa ukinipa mgongo hapa kila nilipoharibu kazi, lakini nimeigusa. Tablo ya gari lako, dashibodi ile uliyokataza mtu yeyote asiipitishie msasa mpaka vita viishe, nimeing'oa, nimeisugua na nimeivalisha. Nakuandikia ili uisikie kutoka kwangu kabla Mama Kavira hajakusimulia kwenye rozari yake, maana mkeo namjua, akisimulia anaongeza chumvi.

Usinitarajie niombe msamaha. Miaka sita niliyofanya kazi chini yako ulinifundisha kuomba msamaha kwa kosa la kazi tu, na hili si kosa la kazi. Ungeiona mwenyewe ungekosa pa kulaumu, ingawa najua ungepatafuta kwa kucha.

Kwanza habari za huku. Ateliye ipo, karakana yetu haijafungwa. Wiki ile tuliyokuzika watu walipita wakichungulia mlangoni kama waliopotelewa na mbuzi, kila mmoja akitaka kujua vyombo vitauzwa lini. Jirani yetu anayetengeneza magurudumu alisema mbele yangu, bila hata kushusha sauti: "Mwanamuke atabakia na garage? Atuuzishie meule, arudilie mashini yake ya kushona." Nilimwomba tu anishikie ncha ya tablo ya mteja huku nikiikata kwa jiwe la hiyo hiyo meule, naye akaishika kwa adabu, na vumbi la nyuzi za kioo likamwingia shingoni mpaka kwenye mgongo. Alijikuna siku tatu. Hajauliza tena.

Ile kambi ya wakimbizi ya barabara ya Sake ambako ulinikuta haipo tena. Pamebaki mawe meusi na vipande vya shitingi, yale maturubai ya msaada, vilivyonasa kwenye mawe. Benki za Goma zimefunga. Skai, ile ngozi ya bandia tuliyokuwa tukiipata kwa wafanyabiashara wa Bunagana imekuwa kama hadithi: leo mpaka umefunguliwa, kesho barabara haipitiki, na ikifika ni ile nyembamba inayopasuka ukiikunja mara moja. Rezini ya kugandishia nayo naipima kwa kijiko. Lakini magari yanaendelea kutufikia kutoka bandarini na usukani wake kulia, na sisi huku tunaendelea kupita upande wa kulia wa barabara, na hakuna dereva anayependa kuendesha akiwa amekaa upande wa mtaro. Kwa hiyo bado wanakuja tuuhamishe usukani kushoto, na usukani ukihama lazima tablo mpya ijengwe, na tablo mpya haiuzwi popote katika mji huu. Wanaihitaji mikono yetu, watake wasitake.

Na barakoa navaa. Cheka tu. Nimejishonea mbili za kitambaa kizito, na yeyote anayeingia ateliye wakati wa kusugua anavaa au anatoka. Wewe ulikuwa ukijifunga leso puani siku wageni wakiwepo, wakienda unaitoa. Hilo nalo sijakusamehe.

Unakumbuka ule mfuko? Nilikuwa nimeketi kando ya barabara na mifuko yangu niliyoishona kwa vipande vya shitingi. Tulishuka Masisi kwa miguu, mimi na mama yangu, na kufikia siku ile mama alikuwa ameshabaki kwenye makaburi ya kambi. Wateja wengine waliuangalia mfuko ukubwa wake. Wewe uliugeuza ndani nje, ukausogeza karibu na macho, ukafuata mshono kwa ukucha upande ule usioonekana. "Wee njo umeshona hii?" Nikasema ni mimi. "Na mashini gani?" Nikasema sina mashini, nina sindano. Ukasema: "Kesho ukuye. Miye niko na mashini, siko na mikono." Nilirudi kambini nikijiuliza kama nimepata kazi au nimekutana na kichaa.

Nilikuja kushona skai, basi. Hakuna aliyenituma kwenye fibra, zile nyuzi za kioo zinazojenga tablo. Nilijipeleka mwenyewe, na hujawahi kuniacha niisahau tablo yangu ya kwanza. Wiki mbili nilipima tablo ya zamani ya gari la yule mzee wa Butembo, nikaandika kila kipimo, nikajenga umbo kwa makatoni na povu la godoro, nikalaza vitambaa vya nyuzi za kioo tabaka tatu na kuvilowesha rezini. Ilitoka nzuri sana. Tatizo ni kwamba niliinakili ilivyo badala ya kuigeuza kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Ukaiingiza garini, ukakaa kwa dereva, ukakuta kisanduku cha makaratasi kiko mbele ya magoti yako na tundu la saa ya mafuta liko kwa abiria. Hukupiga kelele. Ulifungua kisanduku, ukatia mkono, ukakifunga. "Basi dereva atakuwa anaulizaka abiria: mama, tungali na essence?" Mtaa mzima ulicheka. Mimi nililia nyuma ya pipa la maji, halafu nikaanza upya.

Kisha ile kalamu yako ya seremala. Kila kipande, kabla hakijapata finisyo, ulikipindua ukaangalia mgongo wake, ukakichorea hapo hapo. Kibaya kilipata msalaba. Kizuri kilipata Bon, na hiyo B yako yenye matumbo mawili makubwa. Mishono yangu ilipata Bon nyingi. Fibra yangu haikupata hata moja. Tablo zangu zilikwenda kwa wateja, wateja wakafurahi, lakini migongo yake iliondoka mitupu. "Encore," ulikuwa ukisema, yaani rudia tena. "Encore, Mapendo." Miaka sita, Muzee! Nililisikia neno hilo hata nikiwa napepeta mchele.

Ulinifundisha kwamba kuchagua finisyo, ile nguo ya mwisho, ni nusu ya kazi nzima. Fibra ikishakauka ina rangi ya uji uliolala, na ina miiba midogo isiyoonekana inayochoma mkono. Mteja haioni fibra, anaiona nguo. Na kila nguo ina kisirani chake. Unamkumbuka yule mwalimu aliyeng'ang'ania tablo nyekundu inayong'aa? Siku nne za mastiki ya kuziba vitundu na msasa, mastiki na msasa, kwa sababu rangi ya kung'aa haifichi hata alama ya kidole. Akaondoka anaimba. Kesho yake akarudi na taa iliyovunjika. Alikuwa anakwenda Kibati saa sita mchana, jua likaipiga tablo, tablo ikakipiga kioo cha mbele, naye akapanda rundo la mawe. "Muzee, naona tablo tu, barabara siioni!" Ukamjibu huku unatafuta bisibisi: "Si ulitaka ionekane? Njo inaonekana." Tuliipaka upya kwa rangi iliyofifia, na nyekundu ile sikuiona tena kwenye rafu yetu.

Na yule mama wa Kituku aliyetaka moketi, lile zulia, kwa sababu ni laini na inaficha mabonde. Inaficha kweli. Alipakia sambaza, wale dagaa wa ziwani, asubuhi tatu tu, moketi ikanywa kila kitu. Samaki waliisha sokoni, gari likaendelea kunuka kana kwamba bado limewabeba. Tuliibandua wewe na mimi, midomo imefungwa, na bado ulipata nafasi ya kuniambia nitazame mishono ya pembeni isiharibike.

Wewe ulikuwa mtu wa skai. Gundi kwenye fibra, gundi kwenye skai, kungoja mpaka isinate kidoleni, kuipasha kwa pasi ya makaa iliyofungwa kitambaa, halafu kuivuta taratibu iingie kwenye mabonde ya tablo kwa kidole gumba. "Skai inapenda kubembelezwa," ulisema. Hujawahi kubembeleza kitu kingine mbele yangu. Mteja alipopitisha mkono na kuuliza kama imetoka usine, kiwandani, ulitikisa kichwa bila kusema ndiyo wala hapana, na siku hiyo ulikuwa na furaha mpaka jioni.

Ni mimi niliyeleta mchanga. Skai ilipoanza kuadimika nilichota mchanga mweusi wa volkano pale pale uani, nikauosha, nikaukausha juu ya bati, nikaupepeta kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Nikakueleza: rangi ya kwanza, mchanga juu yake ikiwa bado mbichi, kisha rangi ya pili ya kuufunga. Haiwezi kung'aa, haiwezi kunywa harufu, haiwezi kubanduka kwa joto. Na mchanga haupiti mpaka wowote, tunao mpaka kwenye masikio. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ndipo ukasema: "Ile mulima ilikula nyumba yangu. Sasa miye nitaiweka mbele ya macho yangu mu gari? Hapana. Tosha hiyo." Nilijua nyumba yenu ya kwanza iko chini ya mawe ya volkano, kwa hiyo sikubishana. Kopo la mchanga nililitoa, nikalitupa takatakani. Wazo sikulitupa.

Gari lako mwenyewe ndilo lilikuwa aibu yetu. Tablo yake uliijenga kabla sijafika, na umbo lake sijaona la kulizidi mpaka leo. Lakini uliiacha mbichi, rangi ya uji, miiba nje. Wateja waliuliza, ukawajibu jibu lile lile: "Finisyo ya hii ni siku vita itaisha. Siku ile njo tutaivalisha, nipeleke Mama Kavira Butembo na barabara." Na kule juu kwenye miti ya paa ulifunga bunda la skai ya kahawia, umelizungushia magazeti, skai bora kuliko yote iliyopita mikononi mwako. Ya siku ile.

Mwanzoni nililipenda jambo hilo. Nilifikiri mtu mwenye bunda kama lile ana imani. Mara tatu redio ilisema vita vimeisha. Mara tatu ulisimamisha ngazi, ukapanda, ukaligusa bunda, ukakaa pale juu ukisikiliza. Mara tatu ulishuka mikono mitupu na kurudisha ngazi ukutani. Mara ya tatu sikukuangalia, nilijifanya natafuta uzi.

Sasa nitasema lile ambalo sijamwambia mtu.

Siku zile za risasi, tulipojifungia sote ndani kwenu, kifua chako kilikuwa kinapiga mluzi. Siku ya nne asubuhi milio ilitulia, Mama Kavira akafungua lango, nikaleta gari lako. Nilikuweka mbele. Unajua barabara yetu ilivyo, mawe matupu, na mimi nilikuwa nakimbia. Kila bonde ulijishika kwenye tablo. Nilikuona. Nilikuona unashika, unavuta pumzi, unaachia, unashika tena. Hospitali ilikuwa imejaa mpaka nje, lakini walikupokea, walifanya walichoweza. Muuguzi aliushika mkono wako akauliza: "Nani alimukwaruza huyu muzee vile?" Kabla ya saa nane ulikuwa umekwenda.

Mama Kavira aliniomba nimsaidie kukuosha. Kwenye viganja vyako vyote viwili palikuwa na nyuzi za kioo, Muzee. Ndogo ndogo, zinametameta. Nilizitoa kwa kibano, moja moja, mpaka mwisho, kwa sababu sikutaka uende nazo. Na hapo hapo, na mkono wako umelala mkononi mwangu, nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Ulikuwa na msasa. Ulikuwa na skai. Ulikuwa na mikono bora ya mji huu, na yangu juu yake. Ulikufa unangoja, na huko kungoja ndiko kulikokukwaruza.

Niliapa wakati ule kwamba tablo hiyo haitamchoma mtu mwingine. Lakini gari ni la Mama Kavira, na Mama Kavira alikataa. "Neno ya marehemu haiguswake," aliniambia. "Alisema vita. Vita imeisha?" Nikasema: "Mama, tukingoja hiyo, na siye watatuzika na tablo mubichi." Hakunisemesha wiki nzima. Chakula alileta, akakiweka mezani, akaondoka bila neno, na ndipo nilipojua kwamba amekasirika kweli, maana unajua mama huyu hawezi kutua sahani bila kuhubiri. Nilijiona mwizi mbele ya mlango wake. Hata hivyo sikurudi nyuma.

Kilichomgeuza si mimi. Jumapili moja nilikuwa namrudisha kutoka misa, akajishika kwenye tablo nilipokwepa shimo, na kile kitambaa chake cha matanga kikanasa kwenye fibra kikachanika. Alikitazama kile kipande kilichobaki kimening'inia. Tulifika nyumbani. Akiwa ameshafungua mlango wa gari akasema: "Aya. Lakini na skai yake. Ile ya kahawia. Kama haiko ile, usiguse."

Nilipanda ngazi yako. Bunda lilikuwa jepesi kuliko nilivyofikiri. Tulilifungulia mezani, mimi na yeye, gazeti baada ya gazeti, na skai ikatoka... Muzee, ilikuwa imekufa. Joto la mabati la miaka yote ile lilikuwa limeigandanisha yenyewe kwa yenyewe. Tulipoivuta ilichanika kama mkate mkavu, na katikati panya walikuwa wamejitengenezea chumba. Hakuna kipande kikubwa kuliko kiganja kilichosalimika. Mama Kavira aliketi kwenye kiti chako, akapiga makofi mara moja, akasema: "Huyu muzee! Anaficha kintu mpaka inaoza!" Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, nami nikalia naye, tumeshikilia kila mmoja upande wake wa ile skai iliyooza.

Nilifikiri basi, mchezo umekwisha. Sharti lake lilikuwa skai ile, na skai ile haipo. Lakini nilitaka angalau niing'oe tablo nione kama vipande vidogo vinaweza kuungwa kwa mshono. Nikafungua skrubu, nikaitoa, na kwa mazoea uliyonipa nikaipindua nitazame mgongo.

Mgongoni palikuwa na viraka vitatu vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kiganja.

Cha kwanza, mchanga mnene, unakwaruza. Msalaba. Cha pili, mchanga mwembamba kidogo, rangi imejikusanya pembeni. Msalaba. Cha tatu nilikigusa na nikakijua kabla sijakitazama. Ulikuwa mchanga wangu. Hakuna mwingine katika mji huu mwenye mchanga laini namna ile, kwa sababu kile kitambaa cha kupepetea kilikuwa soksi ndefu ya Mama Kavira, ile anayoitafuta mpaka leo. Kumbe kopo nililolitupa ulilitoa takatakani. Na juu yake ulikuwa umepitisha msasa uliochakaa, ule ambao mtu mwingine angeutupa, ukaondoa makali yote, ukafunga kwa vernisi isiyong'aa. Chini yake, kwa kalamu ya seremala, Bon. Na matumbo yake mawili.

Nilipiga ndoo teke mpaka ikafika barabarani. Kwa nini hukuniambia? Ungelisema neno hilo kwa mdomo mara moja tu, ningebeba mawe ya mji mzima kwa mgongo. Ulinijibu "tosha hiyo" mbele ya macho yangu, kisha ukaenda kujipindapinda chini ya tablo peke yako kuhakikisha kama nasema kweli! Mama Kavira alikuja kuona ni nini kimeanguka. Alipitisha kidole kwenye ile B. "Hii njo mukono yake," alisema. "Basi fanya ya mulima."

Lakini nisijidanganye, wala nisikusingizie. Bon ile ilihusu mchanga. Haikuhusu vita. Kuhusu vita hukubadilisha neno lako, na mgongoni hukuandika popote kwamba nisingoje. Hapo nimekuasi mimi mwenyewe, kwa akili zangu, na ningekuwa na wewe hapa ningekuasi ukinitazama.

Nikafanya kazi, kama ulivyonifundisha na zaidi. Msasa mkali kwanza, kisha wa wastani, kisha ule mlaini na maji. Mastiki kwenye vitundu vya hewa ulivyoviacha upande wa abiria, ndiyo, viwili, nimeviona, na wewe ungenipa msalaba. Rangi ya kwanza, mchanga juu yake kupitia soksi, nikitikisa polepole kama Mama anavyotikisa unga juu ya meza ya chapati. Kukauka. Msasa mzee. Rangi ya pili, nyeusi iliyofifia. Kukauka. Vernisi isiyong'aa. Ile Bon niliipaka vernisi pia ili isifutike, na kando yake sikuandika kitu. Vile vipande vya skai ya kahawia vilivyopona nilivishona kuwa mfuko mdogo wa makaratasi ya gari, nikauweka ndani ya kisanduku. Kisanduku kiko kwa abiria, usijali.

Jumapili iliyofuata tulitoka, Mama Kavira na mimi, tukaelekea kaskazini. Hatukwenda Butembo. Tulifika Kibati, kwenye kizuizi, na hapo ndipo barabara inapoishia kwa watu kama sisi siku hizi. Mwanajeshi aliingiza kichwa dirishani, akatazama viti, akatazama sisi, halafu akaweka kiganja juu ya tablo akakipitisha mpaka mwisho. "Hii ni ya usine?" Nilikuwa natafuta jibu la kumridhisha. Mama Kavira alinitangulia: "Hapana. Ni ya Goma." Mwanajeshi akarudisha kichwa chake nje, akatuonyesha kwa mkono tugeuze. Tukageuza.

Njia nzima ya kurudi Mama Kavira alijishika kwenye tablo, hata pale pasipo na mabonde. Tulipofika uani alinigeuzia viganja vyote viwili, karibu kabisa na uso wangu, nivione. Havikuwa na alama hata moja.

Basi pumzika, Muzee Kambale. Kasirika kidogo kwanza kama lazima, kisha upumzike. Mama Kavira nitampeleka Butembo siku barabara itakapotupitisha, hilo nakuahidi, na nitamwonyesha kila kilima ulichotaka kumwonyesha. Na nakuahidi jambo la pili: katika ateliye hii hakuna kitu kitakachobaki kibichi kwa kungoja. Nitasugua, nitapaka, nitavalisha, na kinachostahili Bon nitakiambia kwa mdomo, siku hiyo hiyo, mbele ya aliyekifanya. Vita vikiisha, vitatukuta tumeshamaliza.

Ni mimi,
Mapendo wako